Fundi Aliyewekwa Juu: Arthur C. Clarke na Kosa Lake la Manufaa

Makala iliyompa Arthur C. Clarke, mwandishi wa riwaya za kisayansi, sifa ya utabiri ina kosa ambalo wanaomsifu hulipita mbio. Ilitoka Oktoba 1945 katika jarida la Uingereza liitwalo Wireless World. Clarke alikuwa na umri wa miaka 27, afisa wa jeshi la anga aliyeshughulika na rada za kuongozea ndege zitue penye ukungu. Hoja yake ilikuwa ya hesabu. Chombo kikiwekwa juu ya Ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, huizunguka Dunia kwa muda uleule ambao Dunia yenyewe hujizungusha, hivyo aliye chini hukiona kimetulia palepale usiku na mchana. Vitatu tu vingetosha kufikisha matangazo karibu kila pembe. Obiti yenyewe hakuigundua yeye. Mhandisi Herman Potočnik alikwisha kuieleza mwishoni mwa miaka ya 1920. Jipya la Clarke lilikuwa kuigeuza mnara wa mawasiliano, na hesabu zake hazijapinduliwa hadi leo.

Kosa ni kwamba aliweka watu ndani ya vyombo hivyo. Vituo vyake vilikuwa na vyumba vya kuishi, maabara, na roketi za kuleta chakula na kubadilisha zamu. Kwa nini? Kwa sababu ya vali. Mitambo ya redio ya wakati ule ilitegemea vali za kioo, nazo huungua kama balbu. Mtu aliyeshinda na rada miaka ya vita hakuweza kufikiria mtambo usio na fundi pembeni yake. Mwishoni mwa 1947 transista, mrithi wa vali, ikazaliwa katika maabara za Bell, na kufikia 1964 setilaiti ya Syncom 3 ilikuwa ikirusha picha za Olimpiki ya Tokyo bila mtu ndani.

Wahakiki wengi huzipima riwaya na insha za kisayansi kwa idadi ya mambo yaliyotimia, kama anayesahihisha mtihani. Kipimo hicho kinatunyima jambo la maana zaidi. Palipotimia, tunaiona fizikia, ambayo mwanafunzi yeyote mwenye kalamu angeweza kuikokotoa. Palipokosewa ndipo tunapomwona mtunzi mwenyewe: Clarke aliipandisha angani kazi yake ya mchana, na bisibisi yake pia.

Maisha ya kila siku nayo yalikuwa na yao ya kuiambia obiti ile. Nilipokuwa mtoto Tanga, mama alikuwa akinichukua posta kumpigia simu kaka yake aliyehamia Maskati, simu iliyopitia setilaiti. Mawimbi hupanda kilomita 36,000 na kushuka nyingine 36,000, jumla karibu robo sekunde, na jibu hudai robo nyingine. Kwa mhandisi hilo ni jambo dogo. Lakini mama aliamkia, "Shikamoo, kaka," na kimya kikafuata. Kwa mdogo anayemwamkia mkubwa, kimya hicho ni kirefu mno. Akaogopa labda kaka amekasirika, akarudia, na "Marahaba" ya kwanza ikagongana na "Shikamoo" ya pili. Wakasita wote wawili, kisha wakaanza tena kwa pamoja. Safari iliyofuata mama alikuwa amejitungia kanuni: unaamkia, unahesabu moja kimoyomoyo, unangoja. Hakuna aliyemfundisha.

Hapo ndipo narudi kwa fundi wa Clarke, maana alihitajika kweli. Aliwekwa mahali pasipo pake tu. Agosti 1975 India ilianza jaribio la mwaka mmoja la kurusha vipindi vya shule, kilimo na afya moja kwa moja kwenye vijiji zaidi ya 2,300 katika majimbo sita, kwa kutumia setilaiti ya Marekani ATS-6. Juu kulikuwa na antena ya mita tisa iliyojikunjua yenyewe kama mwavuli. Chini, kijijini, ungo wa kupokelea ulikuwa na upana wa mita tatu, nao ulitengenezwa kwa wavu wa banda la kuku. Wavu ule ulitosha, kwa kuwa matundu yake yalikuwa madogo kuliko urefu wa wimbi. Kilichokuwa kigumu kilikuwa betri za vijiji visivyo na umeme, vumbi, na televisheni iliyozimika siku ya kipindi. Wale mabwana wa zamu ambao Clarke aliwajengea vyumba angani walikuwa barabarani ndani ya gari, na vipuri nyuma.

Clarke mwenyewe, aliyehamia Sri Lanka tangu 1956, alifungiwa ungo wa kupokea matangazo hayo nyumbani kwake Colombo. Wahandisi wa India walikwenda kuufunga. Mwenye wazo naye alihitaji mafundi.

Ili India iwe ndani ya upeo wake, ATS-6 iliondolewa juu ya upande wa Marekani ikasogezwa hadi longitudo ya digrii 35 Mashariki, yaani juu ya Ikweta jirani na Kisumu. Mwaka mzima ilikaa hapo, juu ya utosi wa wavuvi wa omena na karabai zao, uso wake umegeuzwa India.