Ngoma ya Luedji Luna

Mtangazaji wa redio akisema “ngoma mpya”, hazungumzii kitu kilichowambwa ngozi. Siku hizi ni wimbo wowote, hata usiosikika mdundo. Mimi nalitumia neno hilo kwa raha kwa Luedji Luna, mwimbaji wa Salvador, Bahia, nchini Brazili, aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 2017. Ya pili, ya 2020, aliitayarisha pamoja na mpiga gitaa Mkenya, Kato Change: sauti tulivu, haina haraka, na gitaa linachombeza tu pembeni. Brazili nako neno limo. Wacheza jongo, dansi ya kusini-mashariki, huziita ngoma zao angoma, neno lililovuka Atlantiki na Wabantu waliopelekwa utumwani. Ila kwao ni chombo, si wimbo. Wimbo wa jongo huitwa ponto.