Nani Atangulie? Historia Fupi ya Ugawaji wa Kinga



Kila gonjwa linaloenea duniani huleta maswali mawili. La kwanza ni la wataalamu: ni kitu gani kitakachomkinga mwanadamu? La pili ni letu sote: nani atangulie kukipata? Historia yaonyesha kwamba hili la pili ndilo lililo gumu zaidi.

Mwezi Oktoba 1918, homa ya mafua iliyoikumba dunia ilipamba moto katika mji wa San Francisco, Marekani. Msalaba Mwekundu ulitoa barakoa za shashi, nyingine zikiuzwa kwa senti 10. Katika siku chache zilitoka barakoa 100,000 hivi. Kisha mji ukatunga sheria: asiyevaa atozwe faini ya dola 5 hadi 100, au afungwe. Sheria ilikuwa moja kwa wote, lakini dola 5 hazikuwa na uzito uleule kwa tajiri na kwa kibarua.

Miaka 102 baadaye, katika janga la UVIKO-19, foleni ilipangwa na soko. Tarehe 3 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba bei ya barakoa za hospitali imepanda mara sita. Mwenye fedha akawa mbele, hata kama mhitaji zaidi alikuwa nyuma yake.

Baadhi ya watu walijaribu kuigeuza foleni hiyo. Tarehe 22 Machi 2020, shehena iliyotolewa na mfanyabiashara wa China, Jack Ma, ilitua Addis Ababa ili igawanywe kwa nchi 54 za Afrika. Kila nchi ilipangiwa barakoa 100,000, vipimo 20,000 na mavazi ya kinga 1,000. Ulikuwa ukarimu mkubwa uliofika wakati wa dhiki. Hata hivyo, hebu tupige hesabu: Shelisheli, yenye watu takriban 100,000, ilipata barakoa moja kwa kila mtu, Nigeria, yenye watu takriban milioni 200, ilipata moja kwa kila watu 2,000. Kugawa sawasawa si lazima kuwe kugawa kwa haki.

Mpango wa chanjo wa COVAX ulijifunza jambo hilo. Mgawo wake wa mwanzo ulifuata idadi ya watu, na waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, wazee na wenye maradhi sugu. Orodha ilikuwa njema, ila shehena ilichelewa: Uingereza ilianza kuchanja tarehe 8 Desemba 2020, na Ghana, ya kwanza kupokea chanjo za mpango huo barani Afrika, ilizipata tarehe 24 Februari 2021. Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 tarehe 24 Julai 2021, ikaanza na makundi hayo hayo.

Wapo hata hivyo wasioonekana katika orodha yoyote. Asiye na makazi hana anwani wala mtu wa kumwandikisha. Ndiyo maana Vatikano, mwezi Januari 2021, iliwachanja watu wasio na makazi wapatao 25, na katika Juma Kuu la mwaka huo ikatenga chanjo kwa maskini 1,200. Iliwezekana kwa sababu wale wanaowahudumia kila siku walikwisha kuwafahamu kwa majina.

Hapo ndipo penye fundisho. Shehena ikishafika, muda wa kuwatafuta wanyonge umekwisha kupita. Mwenye nguvu amekwisha kusimama mlangoni. Orodha huandikwa wakati wa afya.

Basi, juma hili nawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo mwandike majina: bibi asiyeweza kutembea, mgonjwa wa kisukari, kijana alalaye sokoni. Andikeni pia nani atakayempelekea kila mmoja fungu lake, maana wao hawatafika kwenye foleni.