Makazi ya askari wazee wa Vita vya Kagera katika wilaya za Ngara na Biharamulo

Askari mzee asiye na makazi, katika mazingira ya Ngara na Biharamulo, mara chache ni mtu anayelala barabarani. Kwa kawaida anaishi katika chumba alichoazimwa na ndugu, au katika nyumba ya udongo ambayo ukuta mmoja umekwisha kulala na paa linavuja tangu masika hadi vuli. Anaweza pia kuwa na nyumba nzima lakini iliyojengwa juu ya kiwanja ambacho mpwa wake anakidai. Katika makala hii, watu wa namna hii wote wanahesabiwa kuwa hawana makazi, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusema kwa uhakika atalala wapi mwakani.

Eneo letu limefahamiana na vita kwa muda mrefu. Boma la Wajerumani pale Biharamulo ni kumbukumbu ya wazi: mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji huo, na wananchi wakalazimika kubeba mizigo ya pande zote mbili. Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika zaidi ya 80,000 walitumikia katika jeshi la Mwingereza, na baadhi yao walifika Ethiopia, Madagaska na Burma. Kizazi hicho kimekwisha kutangulia mbele ya haki. Waliobaki kati yetu ni wazee wa Vita vya Kagera.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera. Mwalimu Nyerere alitangaza vita, na mbali na Jeshi la Wananchi waliitwa makumi elfu ya mgambo, pamoja na polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliopoteza maisha wanapumzika katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, na Taifa linawakumbuka kila tarehe 25 Julai. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 vita vilipoanza alitimiza miaka 65 mwaka 2023. Kwa hiyo kazi hii ya kuwatunza haiwezi kuahirishwa kwa mpango wa miaka kumi.

Hapa kuna tofauti ambayo waamini wengi hawaifahamu, nayo ndiyo kiini cha shida. Askari aliyeajiriwa na jeshi, akatimiza masharti ya utumishi, anastaafu na pensheni yake. Mgambo aliyetoka shambani, akapigana, kisha akarudi shambani, hayumo katika utaratibu huo kwa namna ileile. Alirudi katika nchi iliyotakiwa kufunga mkanda kwa miezi 18, na ambayo iliendelea kuufunga muda mrefu baada ya hapo. Miaka michache kabla ya vita watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya. Basi wapo waliorudi wakakuta mahame ya wazazi yamechukuliwa na wengine, na kiwanja cha kijijini hakina mipaka inayoeleweka. Aliyekuwa na nguvu alianza upya. Aliyerudi na risasi mguuni, au na usiku usio na usingizi, aliishi kwa hisani ya kaka yake, na kaka anapofariki hisani hiyo hairithiwi.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jambo hili hayana utata. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 26, unayataja makazi kati ya mambo ambayo mwanadamu anayahitaji ili aishi maisha yanayostahili utu wake. Namba 79 ya hati hiyohiyo inawatambua wanajeshi wanaotimiza wajibu wao vema kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inayaweka makazi pamoja na chakula, mavazi na matibabu miongoni mwa masharti ambayo jamii inapaswa kusaidia yapatikane. Mwaka 1987, uliotengwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya watu wasio na makazi, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati maalumu iliyouliza tumemfanyia nini ndugu yetu asiye na makao. Na Mtakatifu Martini wa Tours, aliyeligawa joho lake na maskini penye lango la Amiens, alikuwa askari wakati huo, tena bado mkatekumeni.

Jimbo letu lina urithi wake pia. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akifundisha kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu limetolewa ili tuliishi kwa kushirikishana maisha na mali. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zinatokana na mtazamo huo. Tena watu wa Ngara wanajua maana ya kukosa paa: mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na vilima vya Benaco vikafunikwa na mahema.

Kwingineko duniani yapo ya kujifunza. Nchini Marekani askari wa zamani wasio na makazi walihesabiwa kuwa takribani 74,000 mwaka 2010. Hesabu ya 2024 ilikuta chini ya 33,000. Njia iliyotumika zaidi ni kumpa mtu nyumba kwanza, kwa kulipiwa sehemu ya kodi, na kumpatia mtumishi wa ustawi wa jamii wa kumfuatilia, bila kumtaka aache pombe au apone kwanza ndipo astahili. Sisi hatuna fedha za namna hiyo, wala nyumba za kupanga si jibu kwa mzee wa Rulenge au Nyakahura. Lakini mpangilio wenyewe ni sahihi, na unapingana na desturi yetu ya kumwambia mlevi ajirekebishe kwanza. Mtu hajirekebishi akiwa analowa.

Kazi ya ujenzi, kwa kweli, ndiyo sehemu nyepesi. Nyumba ya vyumba viwili kwa mzee na mwenzake inahitaji msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, mabati na sakafu isiyo na vizingiti vya kumkwaza mwenye fimbo. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi cha kuchoma matofali na kupandisha kuta; jumuiya inayoanza harambee Septemba itaona tanuri likinyeshewa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililobomoa nyumba nyingi Bukoba na maeneo ya jirani, lilionyesha jinsi kuta zisizofungwa vizuri kwenye kona na chini ya paa zilivyo dhaifu. Fundi aulizwe habari ya lenta kabla ya kuulizwa bei.

Sehemu ngumu ni ardhi, na hapa ndipo nia njema nyingi zimeharibika. Nyumba iliyojengwa kwa sadaka za waamini juu ya kiwanja cha ukoo ni zawadi kwa ukoo. Mzee akifariki, mjane anaweza kuambiwa arudi kwao hata kabla ya arobaini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatoa kinga mbili: inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na inazifanya kuwa batili mila zinazomnyima haki hiyo. Kabla ya tofali la kwanza, basi, kamati ya parokia iende pamoja na mzee kwenye halmashauri ya kijiji, mipaka ipimwe majirani wakiwepo, na hati ya hakimiliki ya kimila iombwe kwa majina ya mume na mke wote wawili. Palipo na mgogoro, baraza la kata lisuluhishe kwanza. Ikishindikana, shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tusitegemee kwamba kijiji kitakuwa na akiba ya ardhi daima. Upande wa Biharamulo, mapori ya akiba yaliyopandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato yanatukumbusha kwamba eneo la kugawa lina kikomo.

Paa haliondoi vita vilivyomo moyoni. Wapo wanaopiga kelele usingizini, wanaoshtuka kwa mlio wa pikipiki, wanaotafuta utulivu katika rubisi. Familia nyingi hulitaja jambo hili kuwa ni mapepo au ukorofi. Sakramenti ya Kitubio ni dawa ya kweli kwa anayebeba lawama ya aliyoyatenda au kuyashuhudia, na padre anayemwendea nyumbani bila haraka hufanya mengi. Hata hivyo padre si tabibu wa akili. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali, iwe Rulenge, Biharamulo au Murgwanza ya ndugu zetu Waanglikana, na mtu wa jumuiya aambatane naye ili asirudie njiani.

Yabaki mambo ya karatasi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Kitambulisho chake hupatikana kupitia halmashauri, kwa kuanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji. Kaya maskini huingizwa TASAF kupitia mkutano wa kijiji, na mzee asiyefika mkutanoni hutajwa na mwingine au hatajwi kabisa. Waratibu wa WAWATA na wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wana nafasi nzuri ya kuwa huyo mwingine. Nakala za kitambulisho, cheti cha ndoa na hati ya ardhi zitunzwe pia ofisini parokiani, kwa maana za nyumbani huliwa na mchwa, na mjane atakapozihitaji, watakaomzuia watakuwa wamekwisha kufika.