Safu ya lugha: Fonda

Si kila mgahawa wa Kimeksiko ni fonda. Neno hili la Kihispania, ambalo huhusishwa na funduq la Kiarabu, nchini Hispania ni nyumba ya wageni yenye malazi na chakula. Nchini Meksiko ni mgahawa mdogo, mara nyingi wa familia, unaouza chakula cha mchana kiitwacho comida corrida: supu, wali au tambi, kisha kitoweo cha siku pamoja na maharage na tortilla, vyote kwa bei moja. Taquería huuza taco. Cantina ni baa. Mama lishe wa Tanzania anakaribiana na fonda, lakini yeye ni mtu, fonda ni mahali. Mgahawa kwa jumla uitwe restaurante. Fonda ibaki jina la jiko la nyumbani lililofunguliwa kwa wateja.