Dakika kumi za Tarime: historia ya mmea na giza

Tarime, huku mkoani Mara, iko chini kidogo ya ikweta, kwenye latitudo ya digrii 1 na dakika 20 hivi kusini, na Mugumu, wilayani Serengeti, haiko mbali na hapo. Anayeishi huku anajua kwamba mchana wa Juni na wa Desemba ni mapacha. Ukiupima kwa saa, mchana mrefu kuliko yote kwa mwaka unauzidi ule mfupi kabisa kwa dakika kama kumi tu. Ndiyo maana wengi tumekua tukiamini kwamba mimea yetu inangoja mvua peke yake. Mvua ikinyesha tunapanda, ikikata tunavuna, na jua kazi yake ni kuivisha na kukausha.

Historia inatuambia vingine, na sehemu yake kubwa imepitia mazao mawili tunayoyajua vizuri katika wilaya hizi, tumbaku na mtama.

Tuanze na tumbaku. Mwaka 1906, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, ilionekana miche iliyogoma kuchanua. Mingine ilitoa maua kama kawaida, lakini yenyewe ilizidi kurefuka na kuongeza majani mpaka baridi ikaiua. Mkulima wa tumbaku wa Serengeti ataelewa upesi kwa nini watu waliifurahia. Kinachoingia bani na kuuzwa ni jani. Ua hukatwa lisije likanyonya nguvu ya mmea. Shida ilikuwa mbegu, maana mmea usiochanua hauachi uzao. Ajabu ni kwamba tumbaku hiyohiyo ilipowekwa ndani ya nyumba ya vioo wakati wa baridi, ilichanua.

Watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard, walijiuliza kama sababu ni joto, unyevu au mbolea. Walijaribu, hawakupata jibu. Julai 1918 wakajenga kibanda cha giza kilichofanana na kibanda cha mbwa. Kila siku saa kumi jioni waliingiza humo vyungu vya tumbaku hiyo pamoja na soya, na kuvitoa saa tatu asubuhi iliyofuata. Tumbaku ya kibandani ikachanua katikati ya kiangazi, huku ndugu zake walioachwa nje wakiendelea kurefuka tu. Mwaka 1920 walichapisha matokeo: mmea hupima urefu wa siku na kuamua wakati wa kuzaa. Nimesoma juu ya vifaa vingi vya gharama kubwa vya sayansi, lakini hakuna ninachokiheshimu kuliko kile kibanda cha mbao.

Kwamba mmea unaona, hilo lilikuwa limeshajulikana. Maharage yaliyoota kandokando ya mgomba huinama kuelekea penye upenyo wa mwanga, na kila mtoto wa shamba ameliona jambo hilo. Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika mwaka 1880 jinsi walivyovifunika kwa vikofia vidogo vilele vya vichipukizi vya nyasi. Kilichofunikwa kilele hakikuinama. Mwanga ulipokelewa juu, shingo ikapinda chini yake, kwa hiyo kulikuwa na ujumbe uliosafiri ndani ya mmea.

Ila neno "siku" katika ugunduzi wa 1920 lilikuwa la kupotosha kidogo. Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walionyesha kwa kutumia gugu moja kwamba kinachopimwa hasa ni usiku. Ukilikatisha giza refu kwa mwanga wa muda mfupi tu, gugu lile halichanui. Baadaye, kule Beltsville, Maryland, kundi la Harry Borthwick na Sterling Hendricks lilitafuta ni mwanga wa rangi gani unaofanya kazi hiyo, likakuta ni mwekundu. Mwaka 1952 wakamulika mbegu za saladi. Nyekundu ya kawaida iliziotesha, na nyekundu ya mbali, ile iliyo ukingoni kabisa mwa uwezo wa jicho la binadamu, ilizizuia. Walizibadilishia rangi mara nyingi kwa zamu, na mbegu zilitii rangi ya mwisho. Mwaka 1959 chembe inayohusika ilithibitishwa, nayo ikaja kuitwa fitokromu. Hilo ni jicho mojawapo la mmea.

Mtama umelibeba jicho hilo kutoka kwetu Afrika. Ulianza kulimwa kaskazini mashariki mwa bara hili maelfu ya miaka iliyopita, ukakulia penye usiku wa takriban saa 12. Ulipofikishwa Marekani, aina nyingi za kitropiki zilirefuka kama matete bila kutoa masuke, kwa kuwa usiku wa kiangazi cha kule ni mfupi mno. Zile chache zilizochanua mapema ndizo wakulima walizoziteua. Mwaka 1945 J. R. Quinby na R. E. Karper walieleza jeni zinazoamua muda wa mtama kukomaa, na mwaka 1963 ukaanzishwa mpango maalumu wa kuugeuza mtama wa tropiki. Uzazi wa kuchanganya mbegu ulifanyika Puerto Rico, penye usiku mrefu wa kutosha, na uteuzi ukafanyika Texas. Mwaka 1997 ilibainika kwamba mojawapo ya jeni hizo ndiyo inayotengeneza fitokromu B. Mbegu yetu ilibidi ifundishwe kupuuza giza ndipo ilishe nchi za mbali.

Huku kwetu kazi ilikuwa nyingine. Hugh Doggett aliyeshughulikia mtama Ukiriguru, Mwanza, kisha Serere nchini Uganda, alisaidia kutupatia aina ya Serena, fupi na ya kukomaa mapema, yenye punje za kahawia zenye ukakasi unaowapunguzia kwelea hamu.

Je, dakika kumi zinatosha kuuambia mmea chochote? Jibu lilitoka Malacca, digrii mbili kaskazini mwa ikweta, ambako tofauti ya mchana mrefu na mfupi ni dakika 14. J. Dore aliripoti mwaka 1959 kwamba mpunga uitwao Siam 29 ukipandwa Januari ulichanua baada ya siku 329, na ukipandwa Septemba ulichanua baada ya siku 161. Mwaka uliotangulia, Eni Njoku wa Nigeria alikuwa amechapisha kazi yake juu ya mimea ya kwao na urefu wa siku. Zaidi ya hayo, jua la Tarime lenyewe halichomozi saa ileile. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza karibu saa 12:21 asubuhi, na katikati ya Februari karibu saa 12:52. Mwaka 2005 Rolf Borchert na wenzake walitoa hoja kwamba miti ya ikweta huenda ndiyo inayosoma mabadiliko hayo ili ichanue kwa pamoja. Hoja hiyo bado inajadiliwa.

Kwa mkulima, jambo hili liko dukani. Kitunguu kilichozalishwa kwa siku ndefu za Ulaya hakifungi kichwa huku, huota majani tu. Soya ya kaskazini mwa Marekani huchanua ingali mbilikimo. Muuza mbegu aulizwe ilizalishwa wapi na kwa latitudo gani, kabla ya kuulizwa bei. Na umeme unapoingia vijijini, tutazame vizuri mistari ya mazao iliyo karibu na taa zinazowaka usiku kucha. Kule Marekani soya iliyo chini ya taa za barabarani hubaki kijani wakati nyingine imeshakauka.

Nawaomba wakulima wenzangu wa Mara mfanye hivi. Mtama ukifikisha mwezi mmoja na ushee, chukueni bua moja, mlipasue kwa kisu kuanzia chini kwenda juu. Ikiwa mmea umeshaamua, kwenye ncha ya ndani, palipofichwa na majani machanga, mtaona kinundu cheupe. Hilo ni suke. Andikeni daftarini tarehe mliyopanda na tarehe mliyoliona, kila msimu, kwa kila mbegu.