Butaro: Historia Fupi ya Hospitali Yetu ya Saratani

Gisenyi hatuna hospitali ya saratani, lakini Butaro ni yetu pia. Unapanda gari hadi Musanze, kisha unaingia milima ya Burera mpaka karibu na mpaka wa Uganda. Ndugu zetu wengi wa Rubavu wametibiwa huko.

Kabla ya hospitali hiyo kujengwa, wilaya nzima ya Burera, yenye watu zaidi ya 300,000, haikuwa na daktari hata mmoja. Dk. Paul Farmer, Mungu amrehemu, alifika Rwanda mwaka 2005 na shirika lake la Partners In Health, tunaloliita Inshuti Mu Buzima. Wakapatana na Serikali kujenga hospitali ya kisasa huko huko mlimani. Ramani zilichorwa na vijana wa MASS Design Group, mmoja wao, Michael Murphy, akiwa bado mwanafunzi.

Ule ukuta wa hospitali sichoki kuusimulia. Ni jiwe la volkano, hili hili ambalo mkulima wa kwetu huling'oa shambani akinung'unika. Mafundi waliyachonga mawe hayo kwa mkono, moja baada ya jingine, mpaka yakashikana bila saruji kuonekana. Kiwanja kilichimbwa kwa majembe ili wenyeji wapate kazi, na watu zaidi ya 3,000 walipata. Ndani, vitanda vilipangwa katikati ya wodi, mgonjwa akilala anatazama dirisha na milima. Korido zikawekwa nje, hewa ipite, kifua kikuu kisiambukizwe.

Hospitali ilifunguliwa Januari 2011. Julai 2012 kikazinduliwa kituo cha saratani, Dk. Agnes Binagwaho akiwa Waziri wa Afya, na Bill Clinton akiwa miongoni mwa wageni. Taasisi ya Dana-Farber ya Boston ilileta ujuzi, na vinyama vya uvimbe vilisafirishwa hadi Boston kupimwa. Lakini waliotundika dripu za kemo kila siku ni wauguzi wetu Wanyarwanda, pamoja na madaktari wa kawaida wasio mabingwa wa saratani. Hao nawashukuru kuliko wote.

Tiba ya mionzi haikuwapo. Wagonjwa walipelekwa hospitali ya Mulago, Kampala, na mashine ya huko ilipoharibika mwaka 2016 tulipita kipindi kigumu; njia ikageukia Kenya.

Tangu kituo cha saratani kizinduliwe, mambo yamekuja mfululizo: jengo la kemo kwa wasiolazwa, 2013, maabara ya kupima uvimbe papo hapo, kampasi ya chuo kikuu cha UGHE, 2019, mionzi katika hospitali ya jeshi Kanombe, mwaka huo huo, vitanda kutoka 150 hadi zaidi ya 250. Tarehe 21 Februari 2022 Dk. Farmer alifariki usingizini, akiwa Butaro.

Mama mwenye uvimbe kwenye titi, mzee mwenye kidonda kisichopona, msikae nyumbani. Anzeni kituo cha afya cha karibu na kadi ya bima ya mituweli, mpewe rufaa. Butaro inawapokea.