Nimrudishe wapi? Miaka 90 ya kupima samaki Nam Lolwe

Mwaka jana nilienda ziwani na nera, kaka yake mamangu, kutoka Muhuru Bay, Migori. Nyavu tulizitega jioni, tukazivuta kabla jua halijatoka. Samaki wa kwanza alikuwa mbuta. Mimi kama kawaida yangu nilikuwa nimebeba simu ya kurekodi na futi ya fundi wa cherehani. Nikampima. Sentimita 41.

"Nera, huyu hajafika 50. Sheria inasema tumrudishe."

Akaniangalia vile unaangalia mtoto ameuliza kama mwezi unalala wapi. "Okewa, nimrudishe wapi? Huyu amekufa tangu usiku."

Na kweli alikuwa amekufa. Macho yametoka, shingo imekazwa na uzi. Video hiyo sikuiweka popote. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na nilichopata ndo nataka kuwaambia leo, kwa sababu huku kwetu kila mwaka tunagombana kuhusu samaki gani arudishwe, na naona tunagombania mahali pabaya.

Tuanze mbali kidogo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Kabla ya hapo watu wa ziwa walivua kwa vikapu, ndoana na uzio wa matete unaoitwa kek. Sisemi babu zetu walikuwa malaika. Walivua walichoweza, lakini hawakuweza kuvua sana, na samaki hangefika mbali kabla ya kuoza. Halafu mwaka 1905 zikaja nyavu za kitani kutoka Ulaya. Unazitega jioni, unaenda kulala, zinakufanyia kazi. Na treni iko hapo inangoja mzigo. Ngege, yule ngege wa asili, ndiye aliyelipa gharama.

Baada ya miaka 20 hivi, wavu uleule ulikuwa unaleta samaki wachache kuliko zamani. Serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, akazunguka ziwa mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ikatoka 1929. Pendekezo lake kubwa lilikuwa rahisi: wavu wa ngege usiwe na tundu dogo kuliko inchi 5. Miaka ya 1930 ikawa sheria.

Hebu angalia wazo lenyewe vizuri, maana ni wazo zuri. Inchi 5 haimwambii mvuvi achague samaki ndani ya mashua. Wavu ndio unachagua. Ngege mdogo anapita kwenye tundu, anaenda zake akiwa hai, anazaa kwanza. Hakuna wa kurudishwa kwa sababu hakuna aliyeshikwa.

Sasa mbona ikashindwa? Kwa sababu ngege wakubwa walizidi kupungua, na mtu mwenye wavu wa inchi 4 alikuwa anarudi na samaki wakati mwenye inchi 5 anarudi na maji. Ukiwa na watoto, utangoja hadi lini? Askari wa kukagua ziwa lenye kilomita za mraba karibu 69,000 wangetoka wapi? Mwaka 1956 Uganda na Tanganyika wakaiondoa sheria hiyo. Kenya ikafuata mwaka 1961. Matundu yakazidi kuwa madogo, na ngege wa asili akaporomoka. Ngege unayemkula leo pale Homa Bay na ugali si yule. Wengi wao ni nyamami, samaki wa kuletwa.

Kuna samaki mwingine ambaye historia yake inaniuma zaidi, kwa sababu ni wa mto wetu. Ningu. Mvua kubwa zikianza, ningu walitoka ziwani wakapanda mito kama Kuja kwenda kutaga. Watu wakajifunza kutega nyavu pale pale mdomoni mwa mto, wakati huo huo. Ukichukua futi yako ukampima ningu wa hivyo, ni samaki mkubwa, amekomaa, hana kosa. Lakini tumbo limejaa mayai na yuko njiani. Ningu hakuhitaji rula. Alihitaji mtu aondoe wavu pale mtoni kwa wiki chache. Kufika miaka ya 1950 walikuwa wamepungua vibaya. Wenzangu wa umri huu wengi hawajawahi kumuona.

Halafu akaja mbuta. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mapema 1960, na kufika miaka ya 1980 ziwa lilikuwa lake. Viwanda vikajengwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tukabaki na kichwa na mifupa, ile tunaita mgongo wazi. Mamangu alitulea kwa mgongo wazi na omena, siwezi kuidharau. Lakini ukweli usemwe: mbuta mdogo, yule wa chini ya sentimita 50, mara nyingi ndiye samaki mzima pekee ambaye mama wa kawaida angeweza kumnunua. Mkubwa alikuwa wa kiwanda.

Mwaka 2001 serikali ikaleta masharti makali. Inchi 5 ikarudi, miaka 40 baada ya kufutwa. Nyavu za kukokota ufukweni zikapigwa marufuku, na zile za plastiki za uzi mmoja. Omena wakafungiwa msimu, Aprili hadi Julai. Na mbuta akawekewa mipaka miwili: usichukue wa chini ya sentimita 50, wala wa zaidi ya 85. Huyo wa chini ni mtoto. Huyo wa juu kwa kawaida ni mama, anayetaga mayai kwa mamilioni. Kisayansi imekaa sawa kabisa.

Lakini rudi kwenye mashua ya nera. Mbuta wa 41 amekufa wavuni. Mama wa sentimita 100 naye akiingia wavuni anakufa, na tumboni ana bondo, ambalo wanunuzi wanalipeleka China kwa bei inayozidi ya nyama yenyewe. Nani atamtupa? Na akimtupa, ziwa limepata nini zaidi ya mzoga?

Hapo ndo nasema samaki hachaguliwi ndani ya mashua. Anachaguliwa siku wavu unaponunuliwa dukani, na siku mnunuzi anapotaja bei. Ile safari ya usiku ni matokeo tu. Lakini ukitaka kuona sheria ikifanya kazi, utaiona wapi? Ufukweni. Nyavu zinakusanywa, zinachomwa moto, mvuvi amesimama anaangalia deni lake likigeuka moshi. Duka lililomuuzia linafunguliwa asubuhi yake kama kawaida.

Nitakiri mambo mawili, msije mkasema nimeficha. La kwanza, nera ana nyavu ndogo. Nilimuomba ruhusa niandike hivyo, akasema andika, mradi uandike pia kwamba anajua ni makosa. La pili, yule mbuta wa 41 tulimla. Alikuwa mtamu.

Na mimi sipingi sheria. Niliacha chuo mwaka wa pili, Aprili, omena wamefungwa, mama hana cha kuuza na karo haijui msimu. Nilikasirika sana na huo msimu. Lakini nikifikiria ningu, naona kufunga ndiyo sheria pekee kati ya hizi inayomwacha samaki akiwa hai. Tatizo ni kwamba miezi minne mtu anaambiwa akae, na hakuna anayemuuliza atakula nini. Akichoka, atatoka usiku na wavu wowote alio nao, kama vile watu wa inchi 4 walivyofanya enzi za ukoloni.

Kwa hivyo futi yangu ya fundi bado ninayo, ila sai naitumia tofauti. Naenda nayo kwenye maduka ya nyavu, napima matundu, narekodi. Video ya kwanza inakuja.

Na wewe msomaji, kama una babu au nyanya Migori au Homa Bay aliyewahi kula ningu wa Kuja, muulize alikuwa mkubwa kiasi gani, na walianza kumkosa mwaka gani. Niandikie. Nataka kukusanya majibu kabla hao wazee nao hawajaisha.